Shamba Lililoteremka Linaandikwa Wapi?

Kijana alinyanyua simu juu ya kichwa, akasubiri. Majani ya migomba yaliziba anga, na namba kwenye kioo, inayoonyesha simu inaweza kukosea mahali kwa mita ngapi, ikawa inashuka polepole: mita 14, mita 9, mita 6. Alitaka ifike chini ya 5 ndipo abonyeze. Akasogea kuelekea penye mwanga, karibu na mbuni mkongwe alioupanda babu, akabonyeza.

"Tayari, mama," akamwambia shangazi yangu. "Shamba lako limeingia kwenye ramani."

Ametoka Kapchorwa, lugha yetu ya Kigisu haijui, kwa hiyo maongezi yote yalikuwa ya Kiswahili, kama kawaida watu wa pande mbili za Mlima Elgon, mashariki mwa Uganda, wanapokutana. Shangazi alikuwa amekaa barazani na ungo wa kahawa magotini, anatoa punje mbovu. Hakuinua uso.

"Na ile iliyoteremka, mwanangu, unaiandika wapi?"

Kijana akarudi kwenye simu, akapandisha na kushusha kwa kidole gumba. Jina. Namba ya kitambulisho. Idadi ya mibuni. Ukubwa wa shamba kwa ekari. Nukta ya mahali. Akafika mwisho.

"Hiyo haimo, mama. Wanaandika kahawa iliyopo."

Alijibu kwa upole, na alisema kweli. Akanywa maji, akashukuru, akapanda kwa jirani. Mimi swali lile likanikaa kichwani wiki baada ya wiki, mpaka nikaona niliandike.

## Kipande kilichoondoka

Novemba 2024, nchi nzima ilipokuwa inatazama kijiji cha Masugu kule wilaya ya Bulambuli, ambako udongo ulifunika nyumba na watu wakiwa ndani, kijiji chetu nacho kilipata chake. Hatukuzika mtu, kwa hiyo hakuna redio iliyotutaja.

Ulianza ufa mwembamba katikati ya mistari ya mibuni. Mtoto angeuruka bila kuuangalia. Mvua ikaendelea kunyesha, na asubuhi moja ufa ukawa ukingo, na chini ya ukingo sehemu kubwa ya shamba ikawa imeshuka hadi mtoni pamoja na mibuni, migomba na kaburi la mtoto mmoja wa ukoo wetu. Leo ukisimama pale unaona udongo mwekundu ambao nyasi bado hazijaushika. Ukingoni imebaki mibuni michache iliyoinama, nusu ya mizizi ikiwa nje, na bado inazaa. Shangazi huichuma kwa mkono mmoja, mwingine ukishika mgomba.

Mbuni wa arabika ukipanda leo, unasubiri miaka mitatu au minne kabla haujakupa mavuno ya maana. Aliyeondokewa na mibuni yake ameondokewa na ada za shule za miaka ijayo, na mara nyingi hana hata mahali pa kupanda mingine, kwa sababu udongo wenyewe umekwenda.

Hasara hiyo haimo kwenye simu ya yule kijana. Nikajiuliza kama imeandikwa popote duniani.

## Kanuni yenye meno

Habari ya Umoja wa Ulaya na kahawa mmeisikia sana, sitaichambua yote. Mwaka 2023 Ulaya ilipitisha kanuni kwamba kahawa, kakao, mbao na bidhaa nyingine kadhaa haziingii sokoni kwao kama zimetoka kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kila shamba lijulikane liko wapi. Shamba lisilozidi hekta 4 linatosha nukta moja, kubwa zaidi linachorwa mipaka yake yote. Kampuni itakayokiuka inaweza kutozwa faini, na kanuni inaagiza kwamba kiwango cha juu cha faini hiyo kisiwe chini ya asilimia 4 ya mauzo yake ya mwaka ndani ya Ulaya.

Utekelezaji umeahirishwa mara mbili, na kwa kampuni kubwa sasa umesogezwa hadi mwisho wa 2026. Lakini angalieni kilichotokea hata kabla kanuni haijaanza kuuma. Vijana wameajiriwa. Simu zimenunuliwa. Programu imetengenezwa. Watu wamepanda miteremko ambayo hata daktari wa mifugo haipandi, wakaandika wakulima wenye robo ekari.

Mimi siipingi kanuni hiyo. Msitu wa Elgon ukiisha, sisi tulio chini yake ndio wa kwanza kuumia. Kinachonisumbua ni kwamba dunia imetuonyesha inaweza kufanya nini inapotaka. Inaweza kumpata shangazi yangu ndani ya mita 5.

Inapotaka.

## Tangu 1991

Sasa tazama njia ya pili, ile ya malipo ya hasara.

Mwaka 1991, kabla hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi haujatiwa saini Rio de Janeiro, Vanuatu ilisimama kwa niaba ya visiwa vidogo ikapendekeza bima ya kimataifa: nchi tajiri zichangie, na nchi zinazomezwa na bahari zilipwe. Pendekezo halikupita. Ikafuata mikutano mingine ya tabianchi. Ikaja Kyoto, 1997. Ikaja Copenhagen, 2009, na ahadi ya dola bilioni 100 kila mwaka kufikia 2020, ahadi iliyotimia 2022, na sehemu kubwa ya pesa zile ilikuwa mikopo. Mwaka 2013, Warsaw, ukaundwa utaratibu wa kushughulikia hasara na uharibifu, lakini hazina haikuundwa.

Mfuko wenyewe ulikubaliwa Sharm el-Sheikh, Novemba 2022. Mwaka uliofuata, siku ya kwanza ya mkutano wa Dubai, ukazinduliwa, na ahadi zikaanza kutajwa: dola milioni 100 kutoka Falme za Kiarabu, milioni 100 kutoka Ujerumani, milioni 10 kutoka Japani. Marekani, ambayo peke yake imetoa karibu robo ya hewa ukaa yote iliyorundikana angani tangu enzi ya viwanda ianze, iliahidi dola milioni 17.5. Machi 2025 ikajitoa kwenye bodi ya mfuko.

Novemba 2025, Belém, Brazili, mlango wa maombi ya kwanza ukafunguliwa. Kiasi kilichotengwa ni dola milioni 250 kwa nchi zote zinazoendelea, kila ombi kati ya milioni 5 na milioni 20. Fanya hesabu kwa kiwango cha juu: nchi kumi na mbili tu, na mfuko wa awamu hii umekauka.

Kanuni ya kahawa ilichukua miaka michache kutoka kwenye wazo hadi kwenye mgomba wa shangazi. Wazo la Vanuatu limechukua zaidi ya miaka thelathini na bado halijafika.

Tofauti ni nini? Kwenye kahawa mwenye nguvu ndiye anayedai. Ameweka tarehe, kipimo na adhabu, na asiyetimiza anafungiwa soko. Kwenye hasara mwenye nguvu ndiye anayedaiwa, na hapo kila kitu kinageuka hiari. Neno linalotumika ni mchango. Hakuna asilimia 4 ya chochote.

## Aya ya 51

Mkataba wa Paris wa 2015 una kifungu cha 8 kinachohusu hasara na uharibifu. Mataifa yaliposhangilia, wengi hawakusoma uamuzi ulioambatana na mkataba ule. Aya yake ya 51 inasema kifungu cha 8 hakihusishi wala hakitoi msingi wa dhima au fidia yoyote.

Niliisoma nikiwa nimekaa kwenye kituo cha boda boda Mbale, mvua inanyesha, nikairudia. Watu walikaa wiki mbili Paris wakakubaliana kwamba hasara ipo, kisha wakaandika kwamba kuikubali huko kusimfanye yeyote awajibike. Inaniuma kwa sababu iliandikwa kwa makusudi, na wanasheria wanaojua kazi yao.

Nchi za kusini zilikubali. Wengine husema zilikubali ili kifungu chenyewe kisifutwe, na kwa jinsi mikutano hii inavyoamua, kwa maafikiano ya wote, nchi moja kubwa ikigoma kila kitu kinasimama. Kwa hiyo maskini huchagua kati ya kidogo na sifuri.

## Mlima una mambo yake

Hapa ndipo shaka zangu zilipoanza, na sitaki kuzificha, maana jirani zangu wenyewe huniuliza.

Mlima huu uliteremka hata kabla ya magari ya Ulaya. Udongo wa wilaya ya Bududa, hapa mlimani, una tabaka la mfinyanzi linalobeba maji na kuteleza, miteremko ni mikali, na watu tumekuwa wengi mno. Nametsi, Machi 2010, inakadiriwa zaidi ya watu 300 walikufa au kupotea. Bukalasi, Oktoba 2018, mto Suume uliporomosha mawe mpaka sokoni. Kila mara wataalamu wametaja miti iliyokatwa na mashamba yaliyochimbwa kwenye kingo kali. Je, kweli nimdai mtu wa Texas kwa ufa uliopita kwenye shamba ambalo sisi wenyewe tulilisafisha miti?

Nimelizungusha swali hili muda mrefu. Jibu nililofikia ni la mgawo. Hewa yenye joto hubeba unyevu zaidi, takriban asilimia 7 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, na unyevu huo hushuka kwa kishindo. Udongo ni wetu, mteremko ni wetu, jembe ni letu. Uzito wa ziada kwenye mvua si wetu peke yetu. Afrika nzima imechangia karibu asilimia 3 tu ya hewa ukaa iliyorundikana. Mganda wa kawaida hatoi hata kilo 200 kwa mwaka kutokana na mafuta na makaa, Mmarekani hutoa takriban tani 14. Kama kila mmoja angelipia sehemu yake, sehemu yetu tungeilipa, na kwa kweli tumeshailipa.

Kuna jambo lingine kuhusu wingi wetu kwenye miteremko. Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon ilitangazwa 1993, na kuanzia 1994 taasisi ya FACE ya Uholanzi, iliyoanzishwa na wazalishaji wa umeme wa huko, ilifadhili upandaji wa miti kwenye ukingo wa hifadhi ili hewa ukaa inayotolewa kwao ihesabiwe kuwa imefidiwa huku. Wakazi wakagombea mipaka na mamlaka ya hifadhi kwa miaka, wengine waliondolewa, na baadhi waliingia wakaikata miti ile. Wazee wetu wanakumbuka vigingi vya mipaka.

Kwa hiyo mlima wetu ulishawahi kupimwa. Ulipimwa ili moshi wa Uholanzi upate mahali pa kuhesabiwa, na sasa unapimwa ili kahawa iingie Ulaya.

## Mafuta ya Hoima

Shaka ya pili ni nzito zaidi kwangu.

Serikali yetu na washirika wake wanajenga bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga. TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62, Uganda 15, Tanzania 15, na kampuni ya China ya CNOOC 8. Bunge la Ulaya lilipopitisha azimio la kulikosoa, Septemba 2022, nilisikia watu wazima mjini Mbale wakilaani kama waliotukanwa mzazi. Hoja yao ninaielewa: Norway bado inachimba, Marekani inachimba kuliko mtu yeyote, na Ujerumani ilivunja kijiji cha Lützerath Januari 2023 ili ipate makaa. Kwa nini sisi tuambiwe tusimame kabla ya kuanza?

Lakini siwezi kudai haki ya shangazi kwa mkono mmoja na kulitetea bomba kwa mwingine, kisha nikanyamaza juu ya mwanakijiji wa Samoa au wa Bangladesh ambaye kesho atapokea sehemu ya mvua itokanayo na mafuta yetu. Ni ndogo, ndiyo. Ni sehemu hata hivyo. Haki ninayoitaka nataka iwe ileile ikigeuzwa upande wetu.

Sijaweza kuipatanisha hoja hii na hoja ya marafiki zangu wanaosubiri kazi kule Hoima. Naiacha hapa ilivyo.

## Mabati

Shaka ya tatu anayo kila Mganda: pesa zikifika, zitafika kwa nani?

Mwaka 2023 mabati yaliyonunuliwa kwa ajili ya watu wa Karamoja yalikutwa kwingine, na mawaziri wakashtakiwa mahakamani. Baada ya habari ile, mtu akikuambia "tupeni pesa moja kwa moja", msikilizaji wa Berlin ana haki ya kuuliza moja kwa moja kwa nani.

Hata mpango wa kuhamisha watu una uchungu wake. Bunambutye, tambarare ya Bulambuli, serikali ilijenga nyumba kwa ajili ya waliokuwa kwenye hatari. Nyumba ni imara. Lakini kule ni joto, na kahawa yetu ya mlimani haistawi. Mgisu anaambiwa ashuke, aache makaburi, aache uwanja ambao mwanawe atatahiriwa, aache zao pekee linalomwingizia pesa taslimu. Wapo walioshuka na wakarudi. Nani anapima hasara ya namna hiyo, na kwa kipimo gani?

Wizi wa nyumbani, hata hivyo, haufuti deni la nje. Mwenye deni anaweza kudai risiti. Hawezi kusema kwamba kwa sababu mkeka wa mdai umechanika, basi yeye hadaiwi.

## Uamuzi wa The Hague

Tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyoko The Hague, Uholanzi, ilitoa maoni yake kuhusu tabianchi, na kwangu mambo yakageuka.

Safari ile ilianzishwa na wanafunzi wa sheria wa visiwa vya Pasifiki, 2019. Walianza na kazi ya darasani. Vanuatu ikawabeba, ile ile ya 1991, mpaka Machi 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likakubali kwa kauli moja kuiuliza mahakama: mataifa yana wajibu gani, na asiyetimiza afanywe nini? Majaji wote wakakubaliana. Kwenye benchi lile alikuwepo Mganda mwenzetu, Jaji Julia Sebutinde, makamu wa rais wa mahakama.

Walisema kulinda mfumo wa tabianchi ni wajibu wa kisheria. Walisema wajibu huo hautokani na mikataba ya tabianchi pekee, upo pia kwenye sheria ya kimataifa ya kawaida, kwa hiyo kujitoa kwenye mkataba hakumfungui mtu. Walisema anayeuvunja anaweza kudaiwa fidia kamili, mradi uhusiano kati ya kosa na madhara uthibitishwe. Na walisema kuruhusu na kuruzuku uzalishaji wa mafuta na makaa kunaweza kuwa sehemu ya kosa, jambo ambalo Kampala inapaswa kulisoma kwa makini kama Washington.

Maoni haya hayamfungi mtu kama hukumu. Najua. Lakini aya ya 51 ilikuwa imenifanya niamini kwamba mlango ulishafungwa kwa kufuli. Mahakama imeonyesha kwamba ilifunga kifungu kimoja tu cha mkataba mmoja, na nyumba ina milango mingine.

Ila mahakama imetaka uthibitisho. Nani alipoteza nini, lini, wapi, na kwa sababu gani. Hapo ndipo swali la shangazi liliponirudia kwa nguvu.

Asiyeandikwa hana cha kuthibitisha.

## Daftari

Ninachodai nakisema wazi. Simu zilezile, vijana walewale, programu ileile: iongezwe sehemu ya shamba lililopotea. Tarehe, ukubwa, idadi ya mibuni, nukta ya ukingo uliobaki. Gharama yake haiwezi kuwa kubwa, kwa sababu mtu ameshapanda mlima na ameshasimama pale. Kama wanunuzi wa Ulaya wanataka ramani ya mashamba yetu, wagharamie na ukurasa huo. Ni sehemu ya ukweli wa kahawa wanayokunywa.

Kwa Ofisi ya Waziri Mkuu inayoshughulikia maafa: Uganda imo kwenye kundi la nchi zenye maendeleo duni zaidi, na katika zile dola milioni 250 walau nusu imetengwa kwa kundi hilo na visiwa vidogo. Ombi letu likienda, liende na majina ya vijiji. Katiba ya mfuko inaruhusu ruzuku ndogo zinazokwenda kwa jamii zenyewe. Tuziombe hizo, orodha ya wapokeaji ibandikwe kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kila mtu aisome.

Kwa wajumbe wetu kwenye bodi ya mfuko: viti 14 kati ya 26 ni vya nchi zinazoendelea, viwili kati yake ni vya kundi letu. Huo ni wingi wa viti. Utumike.

Kijijini tumeshaanza bila kumsubiri mtu. Ni daftari la kawaida la kurasa 96. Mwalimu mmoja mstaafu anaandika, mwenyekiti anagonga muhuri, na shahidi wa upande wa pili wa mpaka wa shamba anatia sahihi. Shangazi ameandikwa ukurasa wa kwanza. Tulibishana sana kuhusu makaburi, kama yaingie, na kwenye safu gani, maana hayana bei. Yameingia, kwenye safu yake yenyewe, bila tarakimu.

Kama uko Bududa, Namisindwa, Sironko, Kween au kule Kasese ambako mto Nyamwamba umewachukulia watu mashamba, na mna orodha kama hii, hata ya kalamu ya risasi, niandikie. Nataka kujua mliweka safu zipi, mlikubali ushahidi wa aina gani, na afisa gani wa wilaya alikubali kuipokea.